Njia ya Pili Iwe Kweli ya Pili

Hotuba kwa wafanyabiashara, wauguzi, walimu na wanafunzi wa Lubumbashi

Mama na Papa mliofunga maduka mapema, wauguzi mliotoka zamu, walimu, vijana wa chuo kikuu, habari za jioni. Asanteni kwa kuja.

Mtandao ukikatika hapa kwetu, kuanzia Katuba hadi Kampemba swali la kwanza ni moja: nani amekata? Hatuliulizi bure. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchi nzima, ujumbe mfupi wa simu nao ukafungwa, na ikabaki hivyo karibu wiki tatu. Wengi wenu mnakumbuka. Waliopitia siku zile wana haki kabisa ya kuuliza nani amekata.

Naomba tuongeze swali la pili. Makatizo mengi makubwa ya huduma za mtandao duniani katika miaka hii ya karibuni hayakutoka serikalini wala kwa wadukuzi. Yalitoka kwenye amri moja, faili moja, badiliko dogo lililofanywa na fundi mwenye akili timamu siku ya kazi ya kawaida. Kwa hayo, kumtafuta aliyekata hakutupeleki mbali. Swali lenye faida ni hili: kitu hiki kilichokwama kilikuwa kimeegemea nini? Na kile tulichokiweka kituokoe, chenyewe kimeegemea nini?

Nianze na siku ambayo kila mwenye simu humu aliiona. Jumatatu tarehe 4 Oktoba 2021, yapata saa kumi na moja na dakika arobaini jioni kwa saa zetu, WhatsApp ilinyamaza dunia nzima, pamoja na Facebook na Instagram. Mafundi walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida. Walitoa amri ya kupima uwezo wa mtandao wao wa ndani, ule unaounganisha vituo vyao vya data, na amri hiyo ikaukata wote. Ilikuwepo programu ya ukaguzi iliyowekwa mahususi kuzuia amri za namna hiyo. Ilikuwa na kasoro, ikaiachia ipite.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkishike. Kuna seva zinazoitwa DNS. Kazi yake ni kugeuza jina, kama facebook.com, kuwa namba ambayo kompyuta inaifuata. Seva hizo zilikuwa na kanuni: zikishindwa kufikia vituo vya data, zijitoe, ziache kuitangazia mitandao ya dunia kwamba zipo. Kanuni ni ya busara, maana seva mbovu haifai kupokea watu. Ila siku ile zote zilishindwa kwa wakati mmoja, na zote zikajitoa kwa wakati mmoja. Majina yakapotea duniani. Kompyuta zilikuwa nzima, umeme upo, picha na ujumbe wa watu vyote vipo, na hakuna aliyeweza kuvifikia.

Mafundi wakataka kurekebisha kwa mbali. Zana zao za kurekebishia zilipita kwenye mtandao uleule uliokatika. Ikabidi watu waende wenyewe mpaka kwenye vituo, ambako milango na mitambo imelindwa makusudi ili mtu asiingie na kubadilisha kitu kirahisi. Huduma ilirudi baada ya karibu saa sita. Ufunguo wa akiba ulikuwa umefungiwa ndani ya nyumba.

Ndugu zangu, tangu nianze kazi hii ya kufunga mitandao kwenye maduka na zahanati, nimesoma taarifa nyingi ambazo kampuni hizi huandika baada ya ajali. Ninazisoma kwa heshima, kwa sababu wanaandika wazi walipokosea, na tabia hiyo natamani tungekuwa nayo zaidi huku kwetu. Karibu kila taarifa ina ukurasa mmoja unaosema jambo lilelile: kinga ilikuwa inakaa ndani ya kitu ilichopaswa kukikinga.

Chukueni Amazon. Tunaposema data iko kwenye wingu, maana yake iko kwenye kompyuta za kampuni fulani, katika majengo fulani, na sehemu kubwa ya majengo ya Amazon iko jimbo la Virginia, Marekani. Tarehe 28 Februari 2017 mfanyakazi mmoja wa Amazon alikuwa anatafuta tatizo kwenye mfumo wa malipo. Akakosea neno moja la amri, na seva nyingi kuliko alizokusudia zikaondolewa. Huduma ya kuhifadhi mafaili ikasimama kwa saa kadhaa. Ule ukurasa ambao wateja huufungua kujua kama huduma ni nzima ulikuwa unategemea hifadhi hiyohiyo, kwa hiyo kwa muda ulishindwa kubadilishwa. Tovuti za watu zimezimika, na ukurasa unaonyesha kwamba mambo ni salama.

Tarehe 18 Novemba 2025 ilikuwa zamu ya Cloudflare, kampuni inayokaa katikati ya msomaji na tovuti nyingi sana duniani ili kuzilinda na kuziharakisha. Walibadilisha ruhusa kwenye hifadhidata yao. Badiliko hilo likasababisha faili moja, lenye orodha ya alama za kutambua programu zinazojifanya watu, liandikwe kwa marudio, likawa kubwa maradufu. Programu iliyolisoma ilikuwa na kikomo cha alama 200. Faili likazidi kikomo, programu ikaanguka, na kuanzia saa saba na dakika ishirini mchana, saa za hapa, tovuti zikaanza kutoa ukurasa wa kosa. Faili lilikuwa linatengenezwa upya kila dakika tano, mara zuri, mara bovu, hivyo huduma ikawa inarudi na kuanguka tena. Mafundi wakadhani mwanzoni kwamba wanashambuliwa. Hata wao, waliojenga mtambo kwa mikono yao, waliuliza kwanza: nani?

Wateja wa Cloudflare waliotaka kujiondoa kwa muda ili tovuti zao zipite njia nyingine walihitaji kuingia kwenye akaunti zao. Wengi hawakuweza. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa unalindwa na kipimo cha Cloudflare yenyewe cha kuthibitisha kwamba wewe ni mtu, na kipimo hicho kimeanguka pamoja na vingine. Na tovuti ya Downdetector, ambayo watu huikimbilia kujua nini kimekatika, nayo ilikwama, kwa kuwa nayo ilipita hapohapo.

Nitaje kwa haraka mbili zaidi. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la data la kampuni ya Kifaransa ya OVH liliungua mjini Strasbourg. Wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba, na nakala zikaungua pamoja na data yenyewe kwa sababu zilikaa mahali palepale. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamua mmoja wao alipwe fidia. Na tarehe 19 Julai 2024 programu ya ulinzi ya CrowdStrike ilipokea sasisho bovu, ikaangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows. Sasisho liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta iliyokwisha kuanguka haikuweza kulipokea sahihisho. Mtu alipaswa kuifikia kwa mkono, moja baada ya nyingine. Katika baadhi ya ofisi, funguo za kufungulia diski zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zimeanguka.

Sasa turudi kwetu.

Mto wetu huu wa Kongo, unaoanzia huku Katanga ukiitwa Lualaba, unamwaga maji baharini kule Muanda na Banana. Mlangoni pake kuna korongo kubwa la chini ya maji, linaloanza ndani ya mdomo wa mto wenyewe na kuendelea hadi kwenye kina cha Atlantiki. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 mto ulifurika kwa kiwango ambacho hakikuonekana kwa miongo mingi. Januari 2020 mchanga na matope yaliyorundikana mlangoni yalishuka kwenye korongo kama mkondo mmoja, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari. Njiani yakakata nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, SAT-3 na WACS. Agosti 2023 korongo hilo likaporomoka tena, na nyaya hizohizo mbili zikakatika. Meli ya matengenezo, Léon Thévenin, ilibidi itoke Cape Town, na kazi ikachukua wiki.

SAT-3 na WACS ni nyaya mbili, zilizojengwa miaka tofauti. Kwenye karatasi ni njia mbili. Chini ya bahari zinavuka korongo moja.

Mtu atasema, basi sisi wa kusini tutegemee upande wa mashariki. Mwaka 2024 ulitujibu. Tarehe 14 Machi nyaya nne za upande wa magharibi, WACS na SAT-3 zikiwemo, zilikatika karibu na Abidjan. Tarehe 12 Mei, kabla hata ya miezi miwili kupita, EASSy na Seacom za upande wa mashariki zikakatika siku moja, na Afrika Mashariki karibu yote ikaenda kwa kuchechemea. Kwa mji ulio katikati ya bara, mbali na bahari zote mbili, habari ya waya wa Abidjan na wa pwani ya mashariki ni habari ya nyumbani.

Ndiyo maana nataka tuzungumze kwa kirefu kuhusu laini mbili.

Karibu kila mfanyabiashara humu ana laini mbili au tatu. Mwenye duka la dawa ananiambia: mimi nimejikinga, moja ikikatika nahamia nyingine. Ni vizuri, msiziache. Lakini tuulize laini hizo zimeegemea nini. Kampuni mbili za simu mara nyingi hupanga mnara mmoja, kwa sababu kujenga mnara ni ghali. Mitambo yao inaning'inia juu ya nguzo moja na kula umeme wa betri zilezile. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikirefuka na mafuta ya jenereta yakaisha, laini zote mbili zinazimika kwa dakika moja. Mnara ukiwa na umeme, data yake inaingia kwenye faiba, yaani waya wa intaneti, na faiba inayotoka hapa kwenda Zambia inapita mpakani Kasumbalesa, palepale ambapo malori ya shaba na ya unga yanapanga foleni. Trekta moja linalochimba kando ya barabara linaweza kunyamazisha kampuni zaidi ya moja. Na ikija amri ya kufunga, kama ya Desemba 2018, inafika kwa kampuni zote siku moja.

Kwa hiyo anayetaka njia ya pili ya kweli aulize maswali yenye kuudhi. Laini yangu ya pili iko kwenye mnara gani? Nikiwa na intaneti ya setilaiti, je, ninaiendesha kwa umeme wa jua au kwa umeme uleule wa gridi? Nakala ya hesabu zangu iko kwenye kompyuta gani, na kompyuta hiyo iko chumba gani? Nenosiri la akaunti yangu likihitaji namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi umefungwa, nitaingiaje? Kampuni inayokuuzia huduma haitayauliza kwa niaba yako, kwa kuwa kwake laini mbili ni mauzo mawili.

Wauguzi, hapa nasema nanyi hasa. Zahanati zetu zimeanza kuandika wagonjwa kwenye kompyuta, na wakati mwingine kompyuta hiyo haihifadhi chochote. Inafungua tu programu iliyoko Ulaya au Marekani. Siku Amazon ilipokwama tena, Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025, ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na nane asubuhi hapa Lubumbashi, foleni ya wagonjwa imeshajaa. Sababu ilikuwa kwenye mfumo unaoandika majina ya DNS wenyewe bila mkono wa mtu. Kwa usalama waliweka watekelezaji watatu, yaani programu tatu za kazi hiyo, mahali patatu. Mmoja alichelewa, akaandika mpango wa zamani juu ya mpya. Mwingine akafagia mipango ya zamani, akiufuta na ule uliokuwa unatumika. Likabaki jina lisilo na namba. Mfumo ukashindwa kujisahihisha, ikabidi binadamu waingie. Signal na Snapchat zilikwama, pamoja na huduma nyingine nyingi sana ambazo watumiaji wake hawakuwahi kusikia neno Virginia. Mgonjwa wa shinikizo la damu hawezi kusubiri Virginia. Kila asubuhi chapeni au andikeni orodha ya wagonjwa wa siku hiyo na dawa zao. Karatasi hiyo haipiti kwenye mnara wala Kasumbalesa.

Jambo jingine ambalo watu hawalitazamii ni kurudi. Tunadhani huduma ikirudi, tatizo limekwisha. Siku hiyo ya Oktoba, kosa la jina lilisahihishwa kabla ya saa sita mchana kwa saa zetu, lakini athari ziliendelea hadi usiku, kwa sababu mitambo iliyokuwa imesubiri ilirudi yote kwa pamoja na kulemea sehemu zinazoigawia kazi. Facebook mwaka 2021 walilijua hilo. Vituo vyao vilikuwa vimeshuka matumizi ya umeme kwa makumi ya megawati, na kuwasha kila kitu ghafla kungeweza kuharibu hata mifumo ya umeme. Wakarudisha polepole, na waliweza kwa sababu walikuwa wamezoea kufanya mazoezi ya kuzima kituo kizima kwa makusudi.

Kwetu hatari ya kurudi iko kwenye pesa za simu. Mama anamtumia mteja franka, skrini inazunguka, jibu haliji. Muamala huo haujafaulu wala haujashindikana. Uko katika hali ya tatu, hali isiyojulikana. Ombi linaweza kuwa limefika na jibu ndilo lililopotea njiani. Anayebonyeza tena anaweza kulipa mara mbili mtandao ukirudi. Nimeona watu wakigombana, wakaitana wezi, na wote wawili wakisema kweli: mmoja kwa hakika alituma, mwingine kwa hakika hakupokea. Msitume tena kabla ya kuangalia salio na historia ya miamala. Andikeni kwenye daftari saa, namba na kiasi, wote wawili mweke sahihi, mteja aondoke na mzigo au asiondoke kulingana na mnavyoaminiana. Kisha subirini. Mawakala mnaonisikia, tundikeni maelekezo haya ukutani, maana mteja mwenye haraka hawezi kufundishwa wakati skrini inazunguka.

Na wale ambao biashara yote imo ndani ya kundi moja la WhatsApp, majina ya wateja, oda, madeni, picha za bidhaa: hamisheni namba za simu kwenye daftari wiki hii. Simu ya kawaida ya sauti haihitaji WhatsApp. Siku ile ya Oktoba 2021 aliyekuwa na namba kwenye karatasi aliuza kwa kupiga simu. Aliyezitegemea zilizo ndani ya kundi alikuwa na wateja mia ambao hawezi kumwita hata mmoja.

Vijana wa chuo, mnaotaka kujenga programu, kazi yenu ni nzito kidogo. Mchoreni mfumo wenu wote kwenye karatasi moja, kila kitu na mshale wa kile kinachokitegemea, hadi chini kabisa, hadi kwenye umeme, DNS na akaunti ya barua pepe iliyosajili jina la tovuti. Halafu tafuteni sehemu ambayo mishale miwili mliyodhani iko mbali inakutana. Daima ipo. Msiione aibu; kampuni zenye maelfu ya mafundi zinazo. Ila ijueni ilipo kabla haijajitambulisha yenyewe.

Nina ombi moja la kufanya kwa mikono. Kila mmoja achague saa moja katika wiki mbili zijazo, saa ambayo biashara ni ndogo. Zimeni data kwenye laini ya kwanza. Jaribuni kufanya kazi kwa hiyo ya pili, kweli kweli, si kuangalia tu kama alama imeonekana juu ya skrini. Kisha zimeni zote mbili, mhudumie wateja kwa daftari. Zahanati ijaribu kumpata mgonjwa mmoja bila kompyuta. Aliye na nakala ya akiba ajaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ipo. Andikeni kilichokwama, hata kiwe kidogo: nenosiri alilokuwa nalo mtoto aliyesafiri, daftari lililokuwa nyumbani, betri iliyodumu dakika kumi.

Tutakutana hapahapa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kila mtu na karatasi yake, tuzilinganishe. Nina hakika tutakuta maduka kumi yaliyoegemea kitu kimoja bila kujua, na hapo ndipo tutaanza kuzungumza juu ya kununua vifaa pamoja.

Sasa maswali. Mama wa safu ya nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja miamala. Karibu, anza wewe.